Setilaiti, droni, sonari au mzee wa mtumbwi: tuchague nini kuchora mazalia ya samaki Ziwa Kivu?

Swali hili linarudi kila mara watu wa ziwa wanapokutana hapa Bukavu, upande wa Kongo, na wanafunzi wanaoandaa kazi ya mwisho wa masomo huliuliza pia: tukitaka ramani ya sehemu samaki wanapozalia na kukulia, tutumie kifaa gani? Mwenye droni atakwambia droni. Aliyesomea setilaiti atafungua kompyuta akuonyeshe picha za bure. Muuzaji wa vifaa vya majini atakutajia sonari, kifaa kinachopiga sauti majini na kusoma mwangwi wake, yenye bei ya nyumba. Nitavilinganisha vyote, ila nasema mapema upande wangu uko wapi: kwa ziwa letu hili, pesa ya kwanza isiende kwenye kitu kinachoruka angani.

Kabla ya vifaa, tukubaliane ramani yenyewe ni ya nini. Wamarekani waliliandika jambo hili kwenye sheria yao ya uvuvi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1996: makazi muhimu ya samaki ni maji na sakafu ambayo samaki wanahitaji ili kutaga, kuzaliana, kula au kukua mpaka utu uzima. Baada ya hapo wakapanga ushahidi kwa ngazi nne. Ya kwanza, unajua tu samaki yupo au hayupo. Ya pili, unajua ni wengi kiasi gani katika kila aina ya makazi. Ya tatu, unajua wanavyokua, wanavyozaa na wanavyosalimika kila mahali. Ya nne, unajua kila aina ya makazi inazalisha samaki kiasi gani. Huko kwao kwenyewe, pamoja na meli na maabara zote hizo, samaki wengi wameishia ngazi ya kwanza au ya pili. Mimi naupenda mpango huu kwa sababu unamwumbua mtu mwenye ramani ya rangi nzuri isiyo na samaki hata mmoja ndani yake. Ukimwuliza “hii ni ngazi ya ngapi?”, mara nyingi hata ya kwanza hajaifikia. Amechora mawe na mchanga tu.

Kivu ni ziwa la pekee

Watu hunakili mbinu za baharini bila kuangalia maji yaliyo mbele yao. Baharini, hata kwenye kina kirefu sana, kwa kawaida kuna oksijeni na kuna kitu kinaishi chini. Ndiyo maana mradi wa kimataifa wa Seabed 2030, ulioanza 2017, unataka kupima sakafu yote ya bahari za dunia. Kufikia katikati ya 2024 walikuwa wamefika karibu asilimia 26.

Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini samaki hawana kazi na sehemu kubwa ya kina hicho. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, hayachanganyiki na ya juu, na hayana oksijeni. Msimu wa mvua, oksijeni inaweza kuishia kwenye mita 30 na kitu. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, upepo unapokoroga ziwa, inashuka mpaka mita 60 au zaidi kidogo. Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ni kali zaidi: kizingiti chembamba kinaitenga na ziwa kubwa, na oksijeni yake inaishia mita kumi na kitu tu.

Kwa hiyo sakafu ambayo samaki anaweza kuitumia ni ukanda mwembamba unaozunguka ufuko, visiwa na ghuba. Kwingine kote makazi ni maji yenyewe ya tabaka la juu, wanakozunguka sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Mtu akikuletea bajeti ya kupima sakafu ya Kivu yote kwa ajili ya samaki, mrudishie. Inaweza kufaa kwa mambo ya gesi na volkeno, lakini kwa samaki amepima makaburi.

Sambaza nao wana kisa chao. Si wa hapa; waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakakuta maji ya katikati hayana samaki wa kuyatumia. Wakubwa hukaa huko katikati, lakini ukuaji wao unaanzia ukingoni: wachanga wanaonekana karibu na ufuko, pale pale ambapo watu wanakokota nyavu zenye matundu madogo na vyandarua vya mbu. Tilapia ana mahitaji zaidi. Dume anachimba shimo la mviringo kwenye mchanga au changarawe, maji mafupi. Jike anataga humo, anayachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo. Watoto wakiwa tayari anawaachia kwenye maji mafupi yenye majani. Hizo ni sehemu tatu tofauti kwa samaki mmoja, na ramani inayoonyesha moja tu itakufanya ulinde kitanda huku mlango wa jikoni ukiwa wazi. Rendali, ambaye wengi wanamwita tilapia pia, habebi mayai mdomoni; anayataga chini na kuyalinda hapo hapo. Kuna na yule mgeni wa pili kutoka Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, aliyeonekana Kivu kwa mara ya kwanza 2006. Yeye huyabana mayai kwenye nyufa za mawe. Ukingo wa mawe ambao mtu wa tilapia angeupita bila kuutazama, kwa huyu ndiyo wodi ya wazazi.

Setilaiti: bure, lakini inaona ngozi tu

Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu 2008, na zile ambazo kila pikseli (kinukta cha picha) ni mita 30 zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1980. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza 2015, inatoa picha za mita 10 kila baada ya siku chache. Hakuna ruhusa ya kuomba, hakuna mtumbwi wa kukodi. Kwa nini basi nisianze nayo?

Piga hesabu. Chukua ufuko unaoshuka mita moja kwa kila mita tatu unazoingia ziwani. Kwenye Kivu huo si mteremko wa ajabu. Kina cha mita 5 unakifikia ukiwa mita 15 tu kutoka nchi kavu. Mwanga kwenye maji yetu hauendi mbali: ukishusha sahani nyeupe, inapotea machoni kwenye mita 5 hivi. Basi ukanda wote ambao setilaiti ingeweza kuuona chini ya maji unaingia kwenye pikseli moja na nusu ya Sentinel, na hiyo pikseli ya kwanza nusu yake ni nyasi na mawe ya nchi kavu. Shimo la tilapia, ambalo kwa kawaida halifiki mita moja kwa upana, linamezwa lote.

Ndugu zetu wa pwani ya bahari wana haki ya kuisifu. Mikoko imesimama juu ya maji, inaonekana. Nyasi za bahari na matumbawe ziko kwenye maji mafupi, angavu, yenye upana wa kilometa. Allen Coral Atlas, iliyokamilisha ramani ya miamba ya matumbawe ya dunia mwaka 2021, imetegemea setilaiti kwa sababu hiyo hiyo, nayo inaishia kwenye mita kumi na kitu za kina.

Kwetu setilaiti ina kazi mbili nzuri, na zote mbili ziko juu ya maji. Moja ni matete: unaweza kuona mwaka baada ya mwaka yalivyokatwa na kugeuzwa shamba au kiwanja. Nyingine ni matope ya mito. Baada ya mvua kubwa, ulimi wa maji mekundu unatoka mdomoni mwa mto na kuingia ziwani, nawe unajua mchanga upi unafunikwa. Ila mvua hiyo hiyo inakuja na mawingu, na kiangazi kuna ukungu wa moshi wa mashamba. Utatupa picha nyingi kabla ya kupata moja safi.

Droni: nzuri kweli, lakini si sasa

Nitakuwa mwaminifu kwa droni. Asubuhi, maji yakiwa yametulia na jua halijapanda, droni ya kawaida ikiruka mita 60 juu inatoa picha ambayo kila pikseli ni sentimita 2 au 3. Mashimo ya tilapia yanahesabika moja moja. Hakuna kifaa kingine hapa kinachofanya hivyo kwa haraka namna hiyo. Saa nne ikifika, upepo unaamka, jua linametameta juu ya mawimbi, na kazi imekwisha kwa siku hiyo.

Tatizo lenyewe ni mahali tulipo. Katika Kivu hii yenye vita, kitu kinacholia angani na kubeba kamera hakuna anayekiona kama chombo cha utafiti. Hata karatasi za ruhusa zikiwa kamili mfukoni, mtu aliye upande wa pili wa ghuba hajazisoma. Tena mpaka na Rwanda unapita ndani ya ziwa, na kwa Bukavu uko karibu sana. Siwezi kumshauri mwanafunzi au komite ya wavuvi ihatarishe mtu kwa ajili ya mashimo ya samaki.

Badala yake chukua ndoo ya plastiki. Kata kitako chake, bandika kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, ziba kwa silikoni, acha ikauke vizuri. Ukiikandamiza juu ya maji kutoka kwenye mtumbwi, mng'aro wa uso wa maji unapotea na unaona mpaka chini kwenye mita mbili, tatu, au zaidi maji yakiwa safi. Mmoja anapiga kasia polepole, mmoja ameinama kwenye ndoo, mmoja ana simu ya kubonyeza alama ya mahali. Simu ya kawaida inakosea kwa mita chache tu, inatosha. Ukitaka kuwa na ushahidi, funga kamera ndogo ya majini kwenye mti mrefu. Baharini wanaweka kamera kama hizo chini na chambo mbele yake, wanazirudia baada ya saa moja na kuhesabu waliokuja. Inawezekana hapa pia, mradi uichague siku ambayo mto wa jirani haujaleta tope.

Angalizo kwa watu wa Goma: upande wa kaskazini, kuanzia mjini kuelekea Sake, mazuku si hadithi. Hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inajikusanya kwenye mabonde madogo na hata ufukweni kwenye uso wa maji, na imeshaua watu. Usiiname na ndoo yako kwenye kijighuba kilichofungwa mapema asubuhi kabla upepo haujapita. Waulize wenyeji, wanavijua kwa majina.

Sonari: hapa ndipo pesa inapoanza kuwa na maana

Neno sonari linafunika vitu vya bei tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganywa.

Ya bei kubwa ni ile ya miali mingi, inayopiga feni ya sauti kushoto na kulia na kutoa umbo la sakafu kwa usahihi. Inagharimu makumi ya maelfu ya dola na kupanda. Upana inaouona unategemea kina: kwa kawaida mara tatu au nne ya kina. Kwenye mita 100 za maji unafagia mita 300 au 400 kwa mara moja. Kwenye mita 5, ambako samaki wetu wanataga, unafagia mita 15 au 20 tu. Yaani unalipa bei ya juu kabisa ili ufanye kazi polepole kabisa, mahali pale pale unapopahitaji.

Ya bei ndogo ni ile wavuvi wa michezo wa Ulaya na Marekani wanayofunga kwenye boti zao kutafutia samaki. Iliyo nyepesi ni dola mia chache. Yenye GPS na uwezo wa kuangalia pembeni inaweza kukaribia elfu moja au kuipita. Mwali wake mmoja unashuka kama koni. Koni ya nyuzi 20 kwenye kina cha mita 10 inagusa duara la mita 3 na nusu. Kwenye mita 60 duara linakuwa mita 21, na mawe na mchanga vinachanganyika ndani yake. Lakini sisi tuko kwenye mita 2 mpaka 20, ambako koni bado ni nyembamba. Uwezo wa kuangalia pembeni ndio wa kulipia: unachora picha ya sakafu makumi ya mita kila upande, na upana huo hautegemei kina kwa ukali ule. Jiwe linatoa kivuli. Mchanga ni kijivu laini. Tope linameza sauti na kubaki jeusi. Majani yanaonekana yamesimama. Ukizoea macho, baada ya muda unasoma skrini bila kuuliza.

Kuifunga kwenye mtumbwi si shida. Kichwa chake, kile kinachopiga sauti, kifungwe kwenye ubao wima ubavuni, mbali na mota, kizame kiasi cha kiganja chini ya maji. Betri ya pikipiki inatosha. Nenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, fuata ufuko kwa mistari sambamba, kisha kata mistari michache kutoka nchi kavu kwenda ndani. Ukienda kasi, mapovu yanapita chini ya kichwa na skrini inajaa takataka. Takataka za kweli utaziona pia. Kwenye ghuba za Bukavu chupa za plastiki zimelala kwenye tope, zile zile ambazo zikivutwa na maji ya Ruzizi, mto unaotoka ziwani, huenda kuziba mitambo ya umeme huko chini, na kwenye picha ya pembeni zinaweza kukudanganya kuwa ni changarawe.

Ndiyo maana sonari peke yake hailipi. Lazima uiulize sakafu yenyewe. Mabaharia wa zamani walikuwa na ujanja ambao bado haujapitwa: uzito wa risasi wenye shimo kitakoni, shimo likajazwa mafuta ya kuganda. Ukiushusha kwa kamba yenye mafundo kila mita, unapata kina, na mafuta yanapanda na chembe zilizonata. Mchanga mweupe, mchanga mweusi wa volkeno, tope, au hakuna kitu, maana yake umegonga mwamba. Kwa Kivu jiwe lenye tundu na siagi ya bei rahisi vinafanya kazi hiyo. Shusha kila rangi ya picha inapobadilika, na usiishie kwenye sehemu tatu zilizo karibu na kituo chenu.

Kwa sambaza sonari ina historia hapa: akiba yao imepimwa kwa sauti tangu miaka ya 1980. Hiyo ni kazi nyingine na vifaa vingine, vile vya kisayansi vinavyosawazishwa kwa kipimo maalum. Mchana sambaza wanatembea kwa makundi mazito ambayo sauti inashindwa kuyahesabu. Usiku wanatawanyika, na ndipo wanapopimwa. Sasa usiku ndio saa ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, wavu uko chini. Ukipita karibu na taa, unapima samaki walioitwa na taa, na ramani yako itaonyesha “makazi” ambayo kesho asubuhi yamehama na mafuta ya taa. Kaa mbali nao, na chagua usiku usio na mwezi au uandike wazi kwamba mwezi ulikuwapo.

Na kitu kimoja ambacho muuzaji hatakwambia: sonari inayoangalia chini haioni maji yaliyo juu ya kichwa chake wala mita ya kwanza iliyo karibu nacho. Sambaza wachanga walioko kwenye maji ya kiunoni kando ya matete hawamo kwenye skrini.

Nyavu, na samaki ambaye tayari amekufa

Nyavu za kutega zenye matundu ya ukubwa tofauti ndizo zinazokupandisha kutoka ngazi ya kwanza. Unapata aina, urefu, jike au dume, mayai yamekomaa au bado. Hasara yake inajulikana: zinaua, na kila tundu lina samaki wake, kwa hiyo wavu usiokamata wadogo haumaanishi wadogo hawapo.

Kabla ya kuongeza nyavu ziwani, nenda kwenye bichi, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Kila alfajiri kuna samaki waliokwisha kufa kwenye beseni za akina mama. Kwa ruhusa ya mwenye beseni, na kwa kununua wachache, unaweza kufungua matumbo na kuandika hali ya mayai kwa mwaka mzima kwa bei ya kilo chache. Kinachokosekana ni mahali walipokamatwa, na hilo linategemea kama mvuvi anakuamini. Bukavu tuna bahati: chuo cha ualimu, ISP, kina kitengo cha haidrobiolojia (elimu ya viumbe wa majini) ambacho kimefanya kazi kwenye ziwa hili kwa miaka mingi, na kituo cha utafiti cha Lwiro kiko karibu. Mwanafunzi asianze kubuni fomu zake mwenyewe wakati zipo za kulinganisha nazo.

Njia ya kuchota maji na kutafuta vinasaba vya samaki inasifiwa sana siku hizi. Inahitaji maabara safi na orodha ya vinasaba vya furu wetu, samaki wadogo walio jamaa wa tilapia, ambao takriban aina 15 hazipatikani popote pengine duniani. Maji pia yanatembea, hivyo kinasaba kinaweza kutoka ghuba ya jirani. Kwa swali la “wapi hasa”, ningeiacha.

Mzee wa mtumbwi

Huyu huwa anawekwa mwisho kwenye ripoti, kwenye kisanduku cha “mahojiano”. Mimi namweka kwanza kwa sababu ya fedha, si kwa ajili ya heshima tu. Ufuko wa Kivu una ghuba na vichwa vya ardhi bila idadi. Kisiwa cha Idjwi peke yake kinaweza kummaliza mtu. Bila kujua pa kuanzia, mtumbwi wa sonari utachoma esansi (petroli) miezi. Wavuvi kumi wakikaa na karatasi kubwa iliyochapwa kutoka picha ya setilaiti (hapo setilaiti inapata kazi yake ya tatu), kwa siku moja watapunguza kilometa za kufuata mpaka zile zinazostahili.

Lakini inategemea swali. Ukiuliza “samaki wanataga wapi?”, kila mtu atakuonyesha mahali anapokamata wengi. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akimrekebisha mwanafunzi:

“Papa, kumbe hapa ndipo wanapozalia?”

“Hapana, mwanangu. Hapa wanapita. Wewe niulize wapi tunawatoa wakiwa na mayai mdomoni.”

Hilo ndilo swali. Tilapia jike akitolewa kwenye wavu huyatema mayai, au watoto ambao bado wana kiini tumboni, yakamwagika chini ya mtumbwi kati ya miguu yako. Mvuvi hawezi kusahau mahali pa kitu kama hicho. Uliza pia wapi watoto wa sambaza wananaswa kwenye vyandarua, na uliza wanawake na vijana wanaovua ukingoni, maana wanaume wa taa hawako huko. Uliza mwezi gani. Uliza zamani palikuwa wapi, kwa sababu majibu hayo hakuna kifaa kinachoweza kuyatoa. Goma wana mfano ulio wazi: Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilivuka mji ikaingia ziwani, na kilichokuwa chini ya maji pale kikafunikwa na mwamba mpya. Mzee anajua kilichokuwapo. Sonari inaona mwamba tu.

Udhaifu wake? Mtu anaficha mahali pake pazuri, na ana haki. Anaogopa pia kwamba pakichorwa rangi nyekundu patafungwa. Upande wa Rwanda wamezoea uvuvi kusimamishwa kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kwetu neno “kufunga” linaleta kelele kabla ya sentensi kumalizika. Basi kila kikundi kichore chenyewe, tofauti, halafu karatasi ziwekwe moja juu ya nyingine. Mahali ambapo vikundi visivyopatana vimeweka alama ile ile, peleka ndoo na sonari hapo kwanza.

Kwa hiyo, uchague nini?

Kama mfuko wenu ni dola mia mbili tatu, msinunue kifaa chochote cha umeme. Karatasi, ile ndoo ya kuangalizia, jiwe la siagi na kamba, simu mliyonayo, na esansi. Programu ya kuchora ramani, QGIS, ni bure. Mwanafunzi mmoja atawaingizia alama. Mtakuwa na ngazi ya kwanza ya kweli kwa tilapia kwenye ghuba moja au mbili, na hiyo inazidi ramani ya nchi nzima isiyo na samaki.

Mkiwa na dola elfu mbili hivi, ongezeni sonari ndogo inayoangalia pembeni, na kipimo cha oksijeni chenye waya mrefu. Kipimo hicho watu hukisahau, na kwa Kivu ningekitanguliza kama lazima kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili. Hasa Kabuno, ambako ukanda unaweza kuonekana mzuri wa mawe na mchanga mpaka mita 20 kwenye skrini, kumbe nusu ya chini hakuna samaki anayeweza kupumua.

Shirika lenye pesa ya mradi na wataalamu linaweza kufikiria sonari ya kisayansi kwa ajili ya sambaza, usiku, kwa misimu yote miwili, pamoja na nyavu za wachanga ukingoni. Miali mingi nisingeinunua hata hapo. Droni ningeirudia siku hali ikiruhusu, kwa ghuba chache za mchanga, kuhesabu mashimo yale yale mwaka hadi mwaka. Mtu wa pwani ya bahari ageuze mpangilio huu: kwake setilaiti ianze, sonari ifuate, na wavuvi wawepo tangu siku ya kwanza kama hapa.

Kuhusu kuitoa ramani hadharani, nina wasiwasi. Alama ya GPS ya mahali majike wanapobeba mayai, ikiwekwa kwenye simu za watu wote, ni mwaliko kwa mwenye wavu mbaya. Nakala yenye alama kamili ikae kwa komite ya bichi na kwa chuo. Ya hadharani ionyeshe ghuba nzima bila nukta. Kila karatasi iandikwe mwezi na mwaka, oksijeni iliishia mita ngapi siku hiyo, nani aliweka alama ipi kwa macho na ipi kwa kusikia. Alama za Februari na za Julai zisipewe rangi moja.